Isome fremu kabla hujaipiga msasa

Fremu ya baiskeli ya safari ndefu ikishapigwa msasa na kupuliziwa rangi mpya, sehemu kubwa ya ushahidi wa ilikotoka imeshafutika. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu linafanyika hapa Moshi mbele ya macho yetu. Baiskeli inashuka kwenye kontena la mtumba, inafika soko la Memorial au la Kiboriloni, na kabla mtu hajauliza ilitengenezwa wapi, imeshapuliziwa nyeusi, imebandikwa stika ya jina kubwa, na bei imepanda. "Mangi, hii ya Uingereza, orijino kabisa." Ukitaka ushahidi, unaonyeshwa usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume, na siti ya ngozi. Vyote viwili hubadilishwa kwa spana moja.

Mimi nashikilia kwamba asili ya baiskeli haiko kwenye jina lililoandikwa ubavuni. Iko kwenye unene wa mabomba, kwenye nyuzi za skrubu, na kwenye herufi ndogo zilizogongwa mahali ambapo mnunuzi hainami kutazama. Na wanaoweza kuzisoma tunao tayari: ni mafundi wetu wa chini ya mti na wa vibandani, ambao wengi tunawakumbuka siku ya pancha tu.

Sizungumzii Phoenix wala Swala tulizokulia nazo. Nazungumzia zile zilizoundwa kumbeba mtu na mizigo yake kwa wiki nyingi. Hata ikivuliwa kila kitu, fremu yake hujitambulisha: sehemu ya nyuma ni ndefu ili kisigino kisigonge mfuko wa keria, ina matundu ya skrubu za keria na madigadi mbele na nyuma, mara nyingi ina vipachiko vya breki vilivyolehemiwa kwenye foku, na ina nafasi ya chupa mbili au tatu za maji. Arusha wanaziona zaidi yetu, maana mji ule uko kwenye njia ya wanaotoka Cairo kwenda Cape Town, na msafara wa baiskeli wa Tour d'Afrique ulianza kupita mwaka 2003. Nyingine huletwa na watu wa kujitolea na wa misheni, wakaziacha walipoondoka.

Tatizo la majina limetokana na historia yenyewe. Mwaka 1976 Marekani iliadhimisha miaka 200 ya uhuru, na maelfu ya watu wakajiunga na safari ya baiskeli ya kuvuka nchi iliyoitwa Bikecentennial. Hamu ya baiskeli za safari ikakua sana huko, na viwanda vya Japani vikaichangamkia. Univega lilikuwa jina la Marekani, lakini fremu zake nyingi zilitengenezwa na Miyata, Japani. Nishiki ziliuzwa Marekani zikitokea kiwanda cha Kawamura mjini Kobe. Koga Miyata ni ya Uholanzi, na Miyata waliomo kwenye jina hilo ni walewale wa Japani. Kwa hiyo mtu anaweza kukuonyesha jina la kweli kabisa, lisilobandikwa na mjanja yeyote, na bado lisikuambie fremu ilichomelewa wapi.

Stika ya Reynolds 531 nayo inaheshimiwa kupita kiasi. Hayo ni mabomba ya chuma yaliyoanza kuuzwa mwaka 1935 na kampuni ya Birmingham, na ni mabomba mazuri kweli. Lakini waliuziwa watengenezaji wa kila upande. Peugeot ya Ufaransa iliyatumia kwenye baiskeli yake ya PX-10, na Trek ya Marekani iliyatumia pia. Stika hiyo inakuambia bomba lilitoka wapi, basi. Hata viungio vya Nervex, vile vyenye maumbo ya maua pale mabomba yanapokutana, vilikuwa vya Ufaransa, ila Waingereza wengi walivinunua.

Sasa chukua uzi na rula. Hapa ndipo penye utamu.

Waingereza walipima mabomba kwa inchi, Wafaransa kwa milimita. Kwenye fremu ya kawaida ya Kiingereza, bomba la juu lina kipenyo cha milimita 25.4, na lile linaloshuka kutoka kwenye usukani kwenda kwenye pedali lina 28.6. Fremu ya Kifaransa ya zamani ina 26 juu na 28 chini. Uzi ukizungushwa kwenye bomba la Kiingereza hutoa karibu milimita 80 juu na 90 chini. Kwenye la Kifaransa karibu 82 juu na 88 chini. Tazama lilivyo zuri jambo hili: Mfaransa ni mnene zaidi juu na mwembamba zaidi chini. Rangi nzito ya kupulizia itaongeza vipimo vyote viwili kwa pamoja, lakini haiwezi kuigeuza tofauti hiyo. Mtu mwenye uzi wa kushonea anaweza kuipima akiwa amesimama palepale sokoni, bila kufungua hata nati moja.

Anayetaka uhakika zaidi afike kwenye lile bomba fupi la chini linalobeba ekseli ya pedali. Upana wake ukiwa milimita 70, fikiria Italia kwanza. Ukiwa 68, endelea. Bomba hilo hufungwa kila upande kwa kikombe, kipande chenye nyuzi kinachoshika beringi za ekseli, na cha upande wa cheni ndicho kinachosema kwa sauti. Kwenye nyuzi za Kiingereza kikombe hicho hufunguka kwa kuzungushwa kufuata mishale ya saa, kinyume cha nati za kawaida. Cha Kifaransa na cha Kiitaliano hufunguka kama nati nyingine yoyote. Fundi asiyelijua hili huongeza bomba refu kwenye spana na kukaza kile alichodhani anakifungua, mpaka kitu kinapasuka.

Kuna jaribio jingine ninalolipenda kuliko yote, maana linatumia bolti iliyotapakaa katika kila kibanda cha fundi wa bodaboda: ile ya milimita 6, inayofungwa kwa spana namba 10. Nyuzi zake zimeachana milimita moja kamili, sawasawa na nyuzi za Kifaransa. Kitoe kikombe, kisafishe kwa mafuta ya taa, kisha ulaze bolti juu ya nyuzi zake. Meno yakikaa yote bila nafasi, una kitu cha Kifaransa mkononi. Meno machache yakiingia na yanayofuata yakaanza kupandiana, ni nyuzi 24 kwa inchi, za Kiingereza au Kiitaliano. Pedali zinasaidia pia, ikiwa ni zake za awali: Wafaransa waligonga D na G kwa kulia na kushoto, Waitaliano D na S, Waingereza R na L.

Jirani yangu wa Rau alinunua fremu ya kijani, imerudiwa rangi, ikiwa na stika ya Kiingereza inayong'aa kuliko fremu yenyewe. Tuliipeleka kwa fundi mmoja mzee wa Majengo. Shikamoo, marahaba, akaikalia chini. Uzi ukatoa vipimo vya inchi. Kikombe kikafunguka kwa kufuata saa, bolti ikakataa kulala. Ufaransa na Italia zikaondolewa. Jirani akafurahi, akidhani Uingereza imeshinda, lakini fundi akatikisa kichwa, na alikuwa na haki: Japani nao walitengeneza kwa nyuzi hizohizo za Kiingereza, vivyo hivyo Taiwan na Marekani. Akasafisha zile pembe za nyuma zinazoshika ekseli ya gurudumu, jina la SunTour likatokea, limegongwa kwenye chuma chenyewe. Akaichomoa foku, kwenye shina lake, mahali ambapo hakuna mpaka rangi anafika, palikuwa na TANGE. Majina yote mawili ni ya Japani, na la SunTour liko kwenye sehemu iliyolehemiwa, ambayo haibadilishwi kwa spana. Hapo mimi natulia. Jina la kipande kimoja, kama lile la Reynolds, nisingeliamini peke yake, lakini yote yakielekea upande mmoja, fremu ile karibu hakika ni ya Japani, stika iseme itakavyo.

Mwaka tuliupata kwenye vifaa vya Shimano, kampuni ya Japani ya vifaa vya baiskeli. Kwa miaka mingi waligonga herufi mbili nyuma ya vifaa vyao: ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1976, B 1977, na kuendelea, ya pili ni mwezi, A Januari mpaka L Desemba. Kibadilisha gia cha nyuma kilikuwa na HD, yaani Aprili 1983. Kifaa kimoja peke yake nisingekiamini, kwa sababu hicho hubadilishwa mara kwa mara. Lakini mgongo wa kranki, ule mkono unaoshika pedali, ulikuwa na HC, mwezi mmoja nyuma. Vifaa viwili vinavyokubaliana hivyo karibu hakika viliingia kiwandani pamoja. Wenye Raleigh za babu zao huko Kibosho na Marangu wana bahati zaidi: habu ya gia tatu ya Sturmey-Archer kwa kawaida imegongwa mwaka, na mara nyingi mwezi, kwenye mwili wake.

Wapo wanaoniambia baiskeli ni ya kuendesha, asili yake ya nini? Naelewa hoja hiyo, na siikubali hata kidogo. Asili ndiyo inayoamua kifaa gani kitaingia. Ukilazimisha kikombe cha Kiingereza kwenye fremu ya Kifaransa umeua nyuzi za fremu nzima. Ukilazimisha pedali ya Kiingereza kwenye kranki ya Kifaransa, umeua kranki. Na angalia matairi: ile ya kijani ilitaka inchi 27, yaani namba 630 ubavuni mwa tairi, ambayo ni kipenyo kwa milimita pale tairi linapokaa kwenye ringi. Dukani walileta "28" ya Phoenix, ambayo ni 635, haikukaa. Wakaleta "28" nyingine, ya ringi za 700C, ambayo ni 622, hiyo hata kuvalishwa haikuwezekana. Matairi mawili yameandikwa 28 na hayalingani kwa milimita 13. Kujua baiskeli ni ya Japani ya mwaka 1983, wakati 27 ilikuwa bado ya kawaida kwenye baiskeli za safari, kungemwokolea jirani nauli za kwenda na kurudi mjini.

Kwa hiyo, mliokwisha kununua na mnataka ipendeze: wekeni msasa pembeni kwanza. Sugueni chini ya bomba la pedali kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, pakeni chaki kwenye namba zilizogongwa ili zionekane, mpige picha. Pigeni picha kila stika ya zamani, hata iliyobaki nusu, na kila herufi nyuma ya kila kifaa. Baada ya hapo pakeni rangi mnayoipenda.

Na kwa wauzaji wa Memorial: mimi fremu yenye rangi yake ya kwanza, hata ikiwa imechubuka na ina kutu kidogo, naiongezea bei bila ubishi. Iliyopuliziwa jana nataka kwanza niigeuze miguu juu, nitoe uzi mfukoni.