Barua ikishatoka

Matokeo ya SHSAT, mtihani wa kuingia sekondari maalumu za umma, yakitoka hapa New York, wazazi hununa wiki nzima, kisha basi. Hakuna anayevaa suti kwenda "kumwona" mkuu wa shule. Hilo tu ndilo linalonitia wivu.

Utaratibu wao ni mkavu. Mtihani mmoja wa saa tatu, Kiingereza na hesabu, na mtoto anapanga shule anazozitaka kwa mfuatano. Kompyuta inaanza na mwenye alama za juu kabisa, inampa shule aliyoitanguliza, inashuka kwa wa pili, hivyo hivyo hadi viti viishe. Alama za yule wa mwisho kupata kiti ndizo kizingiti cha shule hiyo, tuseme Stuyvesant, mwaka huo. Hazijulikani mapema, kwa hivyo hazichezewi.

Kabla hujaniambia theluji imenipanda kichwani: mwaka 2019 Stuyvesant ilitoa nafasi 895, wanafunzi weusi wakapata 7. Saba! Mtihani hauulizi nani alilipiwa tuisheni. Hapo nyumbani Kenya tumewazidi, na nasema kwa kifua. Kuingia sekondari ya juu, KPSEA (mtihani wa Gredi ya 6) ni asilimia 20, tathmini za shuleni 20, KJSEA (mtihani wa Gredi ya 9) 60. Mtoto hahukumiwi kwa asubuhi moja.

Shida yetu huanza barua ya kuitwa shule ikishatoka. Mtoto wa Kuresoi kaitwa shule ya C1, kundi la juu la sekondari. Karo ni shilingi 53,554 kwa mwaka, bado godoro, sanduku na sare. Siku ya kuripoti inapita, hajafika. Kiti kinabaki wazi, na mara nyingi hakuna anayeona kimekwenda kwa nani. Mzazi wa Milimani, mtaa wa wenye nacho, iwe ya Nakuru au ya Kisumu, anajua siku ya kubisha mlango. Huyo wa Kuresoi naye bado anazungusha fomu ya basari kwa chifu.

"Sasa nafasi zikibaki zioze?" Nani kasema zioze? Wape muda wa basari kwanza. Kikibaki kiti, kiende kwa anayefuata kwa pointi, na pointi zake zibandikwe langoni. Karatasi moja na gundi.

"Rudi uje ubandike wewe." Haya, lakini msijifanye hamjui kubandika. Matokeo ya darasa la nane yalikuwa ukutani, mpaka alama za Insha za kila mtoto, na kijiji kizima kikashuka orodha kwa kidole, jina baada ya jina.