Kondoo mwekundu hapimwi kwa macho ya mnadani

Mjadala wa mifugo ya asili ukianza, watu hukimbilia neno urithi. Tuwatunze kwa sababu ni wa mababu. Hoja hiyo hainigusi sana, na sidhani inamgusa mfugaji wa Kajiado anayedaiwa karo. Kondoo mwekundu wa Kimasai mimi namtetea kwa hesabu.

Hesabu yenyewe inaanzia kwa mnyoo. Haemonchus contortus hukaa tumboni mwa kondoo akinyonya damu, na jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Kondoo huishiwa damu, ndani ya kope hupauka, chini ya taya hujaa maji, mwisho anakufa. Dawa zipo, ila sehemu nyingi duniani minyoo imeshazizoea. Kondoo mwekundu naye huambukizwa, lakini mayai kwenye kinyesi chake huwa machache na damu yake haishuki kwa kasi ile. Hakuna muujiza hapo. Vizazi kwa vizazi alichungwa bila dawa, na waliokuwa dhaifu walikufa kabla ya kuzaa.

Dorper, kondoo wa nyama anayeshindana naye, historia yake ni nyingine. Alitengenezwa Afrika Kusini kuanzia miaka ya 1930, akakua haraka, akajaa nyama, na mnunuzi mnadani akimwona hana haja ya kuuliza mengi. Katikati ya miaka ya 1970 nchini Kenya madume ya Dorper yalisambazwa kwa ruzuku, yakapandishwa holela, na baadaye watafiti wakawa wanahangaika kupata makundi ya wekundu wasiochanganyika. Siwalaumu wafugaji. Ukipewa dume kubwa kwa bei ya kutupa, utamkataa?

Tatizo ni kwamba mnadani hupimwa kondoo aliyefika. Waliokufa njiani hawapimwi. Miaka ya 1990, ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, walifuga aina hizi mbili pamoja Diani, kwenye unyevu wa pwani, na kundi la wekundu likawaacha Dorper mbali ukihesabu vifo, uzazi na nyama kwa pamoja. Kwenye nyanda kavu tofauti ilipungua, na ni haki kulisema hilo: mvua zikiwa nzuri na dawa ikiwepo, Dorper ni mnyama mzuri.

Sasa wapo wanaosema genomiki, yaani usomaji wa jeni zote za mnyama, imetuokoa: tutasoma DNA, tutaichukua jeni ya ukinzani dhidi ya minyoo tuihamishie kwa kondoo wengine, basi. Laiti ingekuwa moja! Watafiti walichanganya wekundu na Dorper, wakapima chotara wao kwa minyoo na kwa DNA, na alama za ukinzani walizopata zimetawanyika kwenye kromosomu kadhaa, kila moja ikichangia kidogo. Mchanganyiko wa namna hiyo huwezi kuuhamisha kama simkadi. Kugandisha shahawa za madume kwenye nitrojeni ili zisipotee ni jambo jema, nami naliunga mkono, lakini unachohifadhi ni kondoo wa siku ile, wakati minyoo inaendelea kubadilika malishoni. Atakayebadilika nayo ni kondoo anayechungwa kwenye majani yenye minyoo.

Kwa hiyo ruzuku igeuzwe. Mwenye kundi safi la wekundu alipwe kwa kulitunza, na genomiki itumike kumchagulia madume yanayokua vizuri zaidi bila kupoteza ukinzani, maana ndani ya wekundu wenyewe kuna wakubwa na wadogo. Anayetaka chotara aendelee, ila ajue kwamba chotara bora wa mwaka huu anahitaji jike mwekundu safi, na wa mwaka ujao vilevile. Kabla ya kugawa lori jingine la madume, ofisi za mifugo zitueleze kwanza majike hao wamebaki wangapi, na wako kwa nani.