Kigari kipya cha Uingereza si Vitz ya nyumbani

Tulioko Uingereza huulizwa swali moja na ndugu wa nyumbani, tena bila kuchoka: huko si mnanunua magari mapya kabisa, viti bado vina nailoni? Usukani uko kulia kama kwetu, Kenya wanakataa tu lililopita miaka 8, sasa kwa nini msije nayo? Jibu langu ni hapana, na wala sisemi hivyo kwa sababu ya ushuru. Kigari kipya cha huku kimeundwa kwa mtu asiyefungua boneti, kwa barabara isiyo na mashimo na kwa gereji yenye kompyuta. Ukikipeleka mahali ambapo hivyo vitatu ni vya kubahatisha, unakitesa bure.

Kinachowapoteza watu ni majina. Yaris ya huku ndiyo iliyokuwa ikiitwa Vitz kule Japani mpaka 2020. Jazz ni Fit, Mazda2 ni Demio. Mtu akiona umbo lile lile anasema Vitz ni Vitz. Lakini Vitz inayosifiwa mitaani kwa uvumilivu ni ile ya zamani: injini isiyo na turbo, tairi nene, spea chini ya zulia, na mafundi wameifungua mpaka wanaijua kwa kupapasa. Kigari cha leo ni kitu kingine.

Halafu wengi wanaoringa nacho si chao. Mkopo unaotumika sana huku unaitwa PCP: unalipa kidogo kidogo kwa miaka 3 au 4, mwishoni unatoa bonge la malipo ya mwisho au unarudisha gari. Hati ya V5C, ambayo sisi tungeiita kadi ya gari, yenyewe inasema si uthibitisho wa umiliki. Ukizidisha maili za mkataba unatozwa, rimu ikikwaruzwa na ukingo wa barabara unatozwa. Kulipakia melini deni likiwa halijaisha ni kujitafutia kesi.

Sasa tuje kwenye kuishi nalo. Gari jipya huku linafuata kalenda: sevisi kila miezi 12 au kilomita 16,000 hivi, kinachotangulia, ukaguzi wa MOT ukianza likitimiza miaka 3, kisha kila mwaka. Katikati hapo hakuna anayeinua boneti. Hapa ndipo nasema nyumbani wanatushinda. Dereva wa kwetu anayepima maji na oili kila asubuhi anafanya kitu ambacho mwenye gari jipya huku anadhani ni ushamba, kumbe injini hizi ndogo za silinda 3 zina oili lita 4 tu au pungufu, na nyingine zinakunywa kidogo kidogo bila kudondosha tone chini. Kupima si kazi: egesha pasipo mteremko, zima, subiri dakika 5, chomoa kijiti, kifute, kichovye tena, soma. Kati ya alama ya chini na ya juu huwa ni kama lita moja. Taa nyekundu ya oili haisemi oili imepungua, inasema presha imekwisha, na ikiwaka ukiwa mwendoni, injini imeshaanza kujila.

Kitabu kinasema 16,000, fundi wa nyumbani anasema 5,000. Nani mwongo? Hakuna. Piga hesabu ya saa badala ya kilomita. Gari linalokwenda wastani wa kilomita 48 kwa saa litamaliza 16,000 kwa saa 333. Linalojikokota foleni kwa wastani wa 15 litamaliza 5,000 kwa saa zile zile 333, tena kwenye joto na vumbi. Oili haijui kilomita, inajua saa na moto. Hata kitabu chenyewe, ukifungua kurasa za nyuma ambazo hakuna anayezisoma, kina ratiba ya matumizi magumu: vumbi, foleni, safari fupi, punguza muda. Kosa la fundi wetu haliko kwenye 5,000, liko kwenye oili anayomimina. Injini iliyoandikiwa oili nyepesi ya 0W-20 akiipa nzito ya 20W-50 kwa hoja kwamba kwetu kuna joto, oili nzito inachelewa kufika kwenye njia nyembamba za juu na mtambo wa kubadili taimingi unasuasua. Kama ni joto, angalia jedwali la kitabu, mara nyingi linaruhusu 5W-30.

Safari fupi nazo ndizo ugonjwa wa huku. Kilomita 3 dukani, kilomita 3 kurudi, nje kuna baridi ya kuuma: injini haifiki hata karibu na joto lake la kazi, nyuzi 90 hivi. Petroli inapenya kwenye oili, mvuke unageuka maji ndani, na chini ya kifuniko cha oili unakuta utando kama maziwa yaliyoganda. Fundi wa nyumbani akiuona atasema gaketi ya silinda hedi imekwenda. Huku mara nyingi ni unyevu tu. Kama maji ya rejeta hayapungui na moshi mweupe hauendelei injini ikishapata moto, endesha nusu saa barabara kuu, utakauka. Nusu saa hiyo hiyo ndiyo inayochoma masizi kwenye kichujio cha ekzosi, ambacho magari mengi mapya ya petroli yanacho.

Kuna hizi injini ndogo za turbo ambazo mkanda wake wa taimingi unazunguka ndani ya oili. Hizi nizisemee wazi: usizipeleke. Oili isiyo ya kiwango chake inauozesha mkanda, chembe za mpira zinaziba wavu wa pampu ya oili, presha inashuka, mchezo umekwisha. Huku penyewe, kwenye oili sahihi, mikanda hiyo imeleta kilio. Kwenye oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa sijui ingefika wapi.

Tairi ndiyo kesi kubwa zaidi, na watu huinunua kwa macho. Kigari cha kupendeza kinakuja na 205/45 rimu 17. Ubavu wa tairi hiyo ni milimita 92, yaani asilimia 45 ya upana wake wa 205. Ile 175/70 rimu 14 ya zamani ubavu wake ni milimita 122. Milimita 30 hizo ndizo zinazomeza shimo; zikikosekana, shimo linamezwa na rimu. Halafu inua zulia la buti: spea hamna. Kuna chupa ya gundi na pampu ndogo ya volti 12. Gundi hiyo inaziba tundu la msumari kwenye sehemu inayokanyaga, la milimita 4 hivi, basi. Jiwe kali likichana ubavu, chupa hiyo ni pambo. Na hata ikiziba: jaza, endesha chini ya kilomita 80 kwa saa, simama baada ya kilomita chache upime tena, upepo ukiwa umeshuka chini ya psi 19 hivi, usiendelee. Chupa ina tarehe ya mwisho, iangalie. Mziba pancha atakulaumu kwa ule uji atakaoukuta ndani, kwa hiyo mwambie kabla hajang'oa tairi.

Taa ya upepo nayo inawadanganya wengi. Kwenye vigari vingi hakuna sensa ndani ya tairi; kompyuta inalinganisha hasa mzunguko wa magurudumu kupitia sensa za breki za ABS, kwa sababu tairi iliyopungua huzunguka haraka kuliko wenzake. Zikipungua zote nne kwa pamoja, huenda ikachelewa kuona. Na ukishajaza lazima uiweke upya kwenye menyu, la sivyo inaendelea kulinganisha na hesabu ya zamani. Pima mwenyewe mara moja kwa mwezi, tairi zikiwa zimepoa, kwa namba za kibandiko cha kwenye mlango wa dereva. Hali ya hewa ikishuka nyuzi 10, upepo unapungua karibu psi 2, ndiyo maana baridi ikianza kila mtu huku anashangaa taa imewaka.

Nyumbani, kero yangu ya kwanza ni thermostati. Gari likichemka mara moja tu, fundi anaing'oa ili injini ipoe. Kwenye gari la zamani utasukuma siku. Kwenye jipya, kompyuta inaona maji hayafiki joto lake, inadhani injini bado ya baridi, inazidi kumwaga petroli, plagi zinakuwa nyeusi, na taa ya injini inawaka na msimbo wa hitilafu P0128. Kilichochemsha gari bado kipo pale pale: feni haizunguki, rejeta imeziba kwa kutu, kifuniko kimechoka au pampu ya maji inavuja. Na kutu hiyo imetoka kwenye maji ya bomba. Watu wanadhani kulanti ni ya nchi za barafu. Kwetu inahitajika kwa sababu inapandisha kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu. Rangi yake isikudanganye, soma kiwango kilichoandikwa kitabuni.

Mengine ni madogo mpaka yakupate. Gesi ya AC ya magari mapya ya Ulaya tangu 2017 ni R1234yf, na vali zake hazikubali mipira ya kujazia gesi ya zamani, R134a, ambayo gereji nyingi zimeizoea. Kioo cha mbele kikipasuka na kubadilishwa, kamera iliyo nyuma yake lazima ipimwe upya, la sivyo breki inayojifunga yenyewe inaona vivuli. Betri ya gari linalojizima kwenye taa za barabarani ni EFB au AGM, aina zilizoimarishwa kwa kuwasha mara kwa mara. Ukiweka ya kawaida haitadumu.

Anayeng'ang'ania kuja nacho, basi achague cha injini isiyo na turbo, taimingi ya cheni, rimu 15 au pungufu, na aachane na ule mkopo wa PCP. Kabla ya kulipia meli ainue zulia la buti. Akikuta shimo la spea, anunue spea kamili ya saizi ile ile huku huku. Akikuta povu jeupe na chupa tu, akiuze hapo hapo.