Begi la dharura au majirani? Tusiwacheke wanaosema majirani

Kila masika ikikaribia ile listi inarudi. Begi la saa 72: maji, chakula cha kopo, tochi, redio, dawa, blanketi la foili, filimbi, kopi za vyeti, pawabenki. Inazunguka kwenye magrupu ya vikoba, ya kwaya, ya wazazi wa shule, na kila inapofika haikosi mtu, mara nyingi mama mtu mzima wa Ngarenaro hapa Arusha au wa Pasua kule Moshi, anayejibu kifupi tu "begi la nini, si majirani wapo". Hapo ndo anachekwa. Anaambiwa ndo maana hatuendelei, mpaka maji yafike kitandani ndo mtu aanze kutafuta viatu.

Mi naona huyo mama anajibiwa kabla hajasikilizwa. Wenye begi wana hoja zao na nyingine ni nzito, nitazifikia, ila tuanze na mama maana yeye hana listi nzuri yenye picha ya kutuma.

Kwanza hiyo listi ilipotoka. Saa 72 ni hesabu ya Marekani, kule wanaiambia kila kaya ijitegemee angalau siku tatu kabla msaada haujafika, na maji wanahesabu galoni moja kwa mtu kwa siku, yaani kama lita 3.8. Familia ya watu watano siku tatu ni lita 57. Lita 57 ni madumu matatu ya lita ishirini, haya niambie nyumba gani ya Sombetini au Njoro haina madumu matatu yamejaa nyuma ya mlango? Tumeishi na mgao wa maji na umeme miaka yote, mishumaa ipo, jiko la mkaa lipo hata kwa mwenye gesi, unga upo. Hayo maandalizi tunayo, ila hatujawahi kuyapiga picha tukayaita maandalizi. Asiyekuwa nayo ni yule wa chumba kimoja anayenunua mafuta ya kupima na unga nusu nusu kilo, na huyo ukimwambia aweke chakula cha kopo cha siku tatu uvunguni asikiguse mpaka maafa yaje, atakuangalia tu. Kitaliwa Jumatano, na ni haki kabisa kiliwe.

Sasa hoja yenyewe. Kuna takwimu moja ya Japani huwa narudi kwayo kila mjadala huu ukianza. Tarehe 17 Januari 1995, saa 11 na dakika 46 alfajiri, tetemeko liliipiga Kobe na watu zaidi ya 6,400 wakafa. Inakadiriwa watu kama 35,000 walinasa kwenye vifusi wakawa hawawezi kutoka wenyewe. Kati yao karibu 27,000 walitolewa na majirani na ndugu, na kama 8,000 ndo walitolewa na zimamoto, polisi na jeshi. Hapo ni Japani, nchi iliyozoea matetemeko kuliko karibu nchi zote, vifaa vipo, barabara zipo, na bado robo tatu ya watu walitolewa na mtu wa nyumba ya pili aliyekuja na pajama. Alafu kuna hili: waliotolewa na majirani, zaidi ya asilimia 80 walikuwa hai, waliotolewa na vikosi ni kama nusu.

Usiibebe hiyo takwimu kichwa kichwa lakini. Majirani walianza na wale rahisi kufikika, vikosi wakaachiwa waliobanwa chini kabisa na muda umeshakwenda, kwahiyo haimaanishi fundi cherehani anaokoa vizuri kuliko mwanajeshi. Kilichoamua ni muda, aliyefika saa ya kwanza alikuta watu wanapumua. Na saa ya kwanza hakuna mtu mwingine wa kuwepo zaidi ya aliyekuwa pale tayari.

Ukiifuata zaidi hiyo habari unafika kisiwa cha Awaji, kimji kilichokuwa kinaitwa Hokudan, karibu sana na tetemeko lilipoanzia. Pale watu kama 300 walitolewa kwenye vifusi na wenzao, na kabla ya usiku wa siku hiyohiyo walishajua kila mtu yuko wapi. Siri yao haikuwa vifaa. Walikuwa wanajua bibi wa nyumba ile analala chumba gani na upande gani, kwahiyo hawakuchimba nyumba nzima, walikwenda moja kwa moja kilipo kitanda.

Hapo ndo nikuulize wewe wa Njiro au Moshono mwenye fensi ya tofali, geti la chuma na begi zuri la dharura kabatini. Jirani yako anajua dada wa kazi analala wapi? Anajua kama yupo? Maana watu wakianza kuhesabiana usiku wa moto dada wa kazi ndo wa kwanza kusahaulika, watoto watahesabiwa, mpaka mbwa atatafutwa. Alafu mfikirie yule mama wa Ngarenaro tuliyemcheka, anakaa nyumba ya vyumba nane, bomba moja, choo kimoja, koridoo moja, anajua nani karudi na nani kalala nje, anajua mtoto wa chumba cha mwisho ana pumu na dawa yake inakaa wapi. Kwa kipimo cha Hokudan yeye kajiandaa na wewe bado. Ndo maana jibu lake fupi silioni kama uvivu, kaeleza mfumo anaoishi ndani yake ila kauelezea kwa maneno machache.

Na mfumo una fedha pia. Kikoba chochote kinachojielewa kina hisa na kina mfuko wa jamii, zile buku buku za kila kikao ambazo hazina faida wala mgao, ni za msiba, ugonjwa, nyumba kuungua. Ukiungua leo unazikuta kesho bila kujaza fomu. Juu ya hapo kuna ndugu wa Dar, na hawa watu wa Kilimanjaro tuwataniavyo kwa kujazana kwenye mabasi mwezi wa 12, kumbe ile safari inaweka hai kitu fulani: mtu wa karibu anayeishi mbali, ambaye mvua iliyokupiga wewe haijampiga yeye.

Hilo la mbali linanileta kwa wenye begi, maana udhaifu wa majirani uko hapohapo: wapo karibu mno. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yalishuka kutoka mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya jirani, zaidi ya watu 80 wakafa. Pale jirani angekuja kukuokoa vipi wakati naye yuko kwenye tope lilelile? Na lile sanduku la kikoba lenye kufuli tatu na wenye funguo watatu, fikiria limekaa kwenye nyumba ambayo haipo tena. Maafa makubwa hayachukui nyumba moja, yanachukua mtaa, na mtaa wote ukiwa na shida siku moja hakuna wa kumchangia mwenzie. Ndo maana Katesh misaada ilibidi itoke nje. Hapo namba ya ndugu iliyoandikwa kwenye karatasi na keshi kidogo kwenye nailoni vina thamani kuliko uhusiano mzuri na watu wote wa koridoo, maana umeme ukikatika na mnara nao ukafa, pesa ya kwenye simu unaiona tu kwa macho.

La pili linauma zaidi. Aprili 2024 pale Muriet, Arusha, gari la shule lilisombwa na maji ya korongo likiwa na wanafunzi, watoto wakafa, na msamaria mwema aliyeingia majini kuokoa naye akafa. Watu wa eneo lile walifanya kila ambacho jirani anatakiwa kufanya. Makorongo yetu yanatoka mlima Meru, mvua inaweza kupiga huko juu na wewe huku chini unaona mawingu tu, alafu maji yanafika kwa mkupuo. Na maji yanayokimbia hayahitaji kina, sentimita 15 zinatosha kumwangusha mtu mzima, kama 30 zinaanza kubeba gari dogo. Ujirani bila kamba na bila mtu anayejua kuogelea unaweza kutupa maiti mbili badala ya moja, tusijidanganye kwenye hili.

La tatu ni moto, ambao kwa nyumba za mjini ni tishio la karibu kuliko mlima wowote, na ile listi ya Kimarekani karibu haiugusi, kama ambavyo haimgusi yule anayeingiza jiko la mkaa chumbani mwezi wa saba akafunga madirisha kwa baridi ya Arusha. Angalia nyumba yako usiku. Madirisha yote nondo. Mlango wa mbele grili na kufuli, mlango wa nyuma grili na kufuli, na ufunguo uko kwenye pochi ya mama, na pochi iko juu ya kabati, na mama kasafiri msibani. Jirani atakuja mbio, atasimama nje ya nondo na ndoo ya maji akikusikia unaita. Tumejenga nyumba za kuzuia mwizi asiingie na zimetuzuia sisi kutoka. Ufunguo wa ziada kwenye msumari karibu na mlango, mahali ambapo mkono wa mtoto unafika na mkono wa mtu wa nje haufiki, hauna bei hata ya soda, sijauona kwenye listi yoyote.

Kuna wa upande wa tatu wanaosema yote haya ni kumsukumia mwananchi kazi ya serikali. Nusu nakubaliana nao. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka mtoni na tunajua wote kinachoendelea kandokando ya mito mjini. Sheria ya usimamizi wa maafa ya 2022 inataka kamati za maafa mpaka ngazi ya mtaa na kijiji, muulize mwenyekiti wako ya kwenu inakutana lini. Lakini pia tusiseme hatukuambiwa: Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza El Niño tangu Agosti 2023, na Aprili 2024 Waziri Mkuu Majaliwa akaliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilishaua watu 155. Miezi yote ile taarifa ilikuwepo, ikapita juu ya vichwa vyetu kama tangazo la mnada.

Kwahiyo mi nasimama wapi? Nasimama na mama wa Ngarenaro, ila nataka aongezewe vitu. Pesa ambayo mtu mmoja wa Sakina au Shanty Town angenunulia begi kamili la familia yake, ukiigawa kwenye nyumba kumi mnapata kamba ndefu imara, mtaimbo, msumeno wa chuma wa kukatia kufuli na nondo, tochi mbili za maana na ndoo za mchanga. Hivi ni vitu ambavyo kila nyumba ikinunua yake ni hasara na nyumba kumi zikinunua kwa pamoja ni busara. Balozi wa nyumba kumi tunaye bado, kazi yake imebaki barua za utambulisho na kampeni, hebu apewe na hii. Kule Moshi vijijini msaragambo ukiitishwa wa kuzibua mfereji watu wanatoka na majembe, sioni kwanini mtaa wa Pasua au Daraja Mbili ushindwe kutoka siku moja kabla ya masika kuzibua mtaro na hapohapo kila nyumba ikataja nani analala wapi, nani hawezi kutembea, ufunguo unakaa wapi. Najua wapo watakaosema hilo la ufunguo ni kumwita mwizi. Basi mwambie jirani mmoja tu, yule ambaye ungemwachia mtoto.

Vya nyumba binafsi vibaki vichache: vyeti, kitambulisho cha NIDA na mkataba wa kiwanja kwenye nailoni ngumu sehemu ya juu, dawa za anayeugua za wiki moja, yale madumu matatu, na keshi. Na aliyeko Dar au Mwanza awe na picha za hizo karatasi kwenye simu yake. Ukiona moto piga 114 kwanza, alafu piga yowe, na usingoje jibu la simu ndo upige yowe.

Kwa watu niliowagusia hili la vifaa vya nyumba kumi, ubishi haukuwa kwenye kuchanga. Ulikuwa kamba na mtaimbo vikae kwa nani. Ofisi ya mtaa inafungwa saa tisa na nusu na mafuriko yanaweza kuja usiku, kwa balozi watu watasema vimekuwa vya chama, kwa fundi vitafanya kazi zake. Mi naona vikae kwa mwenye duka, yule anayefunga saa nne usiku na analala humohumo ndani, anayejua kila mtu wa mtaa anadaiwa shilingi ngapi.