Jaider Esbell: Mtego wa Kunasia Mitego

Septemba 2021, watu waliotembelea bustani ya Ibirapuera jijini São Paulo waliwakuta nyoka wakubwa wa kujazwa upepo, wenye rangi kali, wakielea ziwani. Mwenye kazi hiyo, aliyoiita Entidades, alikuwa Jaider Esbell, msanii wa jamii asilia ya Wamacuxi kutoka jimbo la Roraima, kaskazini kabisa mwa Brazili. Ndani ya banda la Bienale ya 34, maonyesho makubwa ya sanaa ya kila baada ya miaka miwili, katika bustani hiyohiyo, zilitundikwa picha zake za A guerra dos Kanaimés (Vita vya Kanaimé). Na mwendo mfupi kutoka hapo, katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la São Paulo, kulikuwa na maonyesho aliyoyasimamia yeye mwenyewe, yenye kazi za wasanii 34 wa jamii asilia. Tarehe 2 Novemba mwaka huohuo alifariki jijini humo akiwa na umri wa miaka 42, milango ya maonyesho yote mawili ikiwa bado wazi.

Tangu hapo, anayemtaja Esbell hujikuta ndani ya ubishi ambao haukuanza naye. Wapo wanaoona kwamba msanii wa jamii asilia akiingia katika majumba ya makumbusho na soko la sanaa huwa amewafungulia watu wake mlango uliofungwa tangu ukoloni. Wapo pia wanaoona kwamba majumba hayo humpokea ili yajisafishe jina, yakatundika picha na kuiacha ardhi iliyozizaa picha hizo mikononi mwa wanaoinyakua. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina haki kuliko zinavyokubaliana, lakini zinamtazama zaidi Esbell mchoraji, ilhali jibu liko kwa Esbell msimamizi wa maonyesho.

Alizaliwa mwaka 1979 huko Normandia, katika nchi ambayo leo ni eneo la jamii asilia la Raposa Serra do Sol, lenye ukubwa wa takriban hekta milioni 1.7. Hakuanza kama msanii wa kulelewa na vyuo vya sanaa: alisomea jiografia katika Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Roraima na aliajiriwa katika shirika la umeme hadi mwaka 2016. Miaka mitatu kabla ya kuacha ajira alikuwa amekwisha kufungua nyumba ya sanaa mjini Boa Vista, na humo alionyesha kazi zake pamoja na za jirani zake. Jambo hili husahaulika, nami naliona kubwa. Kabla São Paulo haijamfahamu, tayari alikuwa mtu wa kuwakusanya wengine.

Nchi alikotoka inaeleza mengi. Serikali iliithibitisha Raposa Serra do Sol mwaka 2005, wakulima wakubwa wa mpunga wakagoma kuondoka, na ni hukumu ya Mahakama Kuu ya Shirikisho ya mwaka 2009 iliyowatoa. Lakini katika hukumu hiyohiyo iliyowapa Wamacuxi ushindi ndimo ilimochipuka nadharia ya kikomo cha muda, isemayo kwamba jamii asilia zina haki ya ardhi zile tu walizokuwa wakizikalia tarehe 5 Oktoba 1988, siku katiba ya sasa ilipotangazwa. Waliokuwa wamefukuzwa kwa bunduki kabla ya siku hiyo wangejitetea vipi? Mtu aliyekulia kwenye ushindi wa namna hiyo, wenye sumu ndani yake, hawezi kushangaa akiambiwa kwamba hata mwaliko wa jumba la makumbusho unaweza kuwa mtego. Esbell alilijua hilo na kulisema waziwazi: sanaa ya kisasa ya jamii asilia aliielezea kuwa ni mtego wa kunasia mitego.

Usemi huo ni wa kuvutia, na kwa sababu hiyo hasa unahitaji kupimwa. Mfano bora ni hoja yake kuhusu Makunaimã, shujaa wa masimulizi ya kale, ambaye Esbell alimwita babu yake. Mwaka 1928 mwandishi Mário de Andrade alichapisha riwaya ya Macunaíma, akimchota shujaa huyo kutoka masimulizi ya jamii za Roraima, yaliyoandikwa na Mjerumani Theodor Koch-Grünberg katika safari yake ya 1911 hadi 1913, na kumgeuza ishara ya taifa zima la Brazili. Lawama iliyozoeleka ni kwamba babu aliibwa. Esbell, katika andiko lake la mwaka 2018, aliipindua lawama hiyo: Makunaimã hakuibwa wala hakudanganywa, bali alijibandika mwenyewe kwenye jalada la kitabu kile ili afike mahali ambapo watoto wake wasingefika, nao waje kumfuata baadaye.

Mtetezi wa Esbell atasema hapa pana ushindi wa fikra, kwani anayejiona ameibiwa hubaki akimdai mwizi, lakini anayesema babu yake alitangulia safari huwa na njia ya kupita. Mkosoaji naye atajibu kwamba simulizi hiyo inamfariji aliyepokonywa na kumwondolea mpokonyaji deni lake, na kwamba jumba lolote la makumbusho lingefurahi kuambiwa kuwa vitu vilivyomo kabatini vilikuja kwa hiari yao. Ukosoaji huo una uzito. Hata hivyo, ukitazama kazi yake iitwayo Carta ao Velho Mundo (Barua kwa Dunia ya Kale, yaani Ulaya), utaona kwamba deni halikusamehewa: alichukua kitabu kikubwa cha historia ya uchoraji wa Ulaya, akachora na kuandika juu ya kurasa zake moja baada ya nyingine, watakatifu na wafalme wakikumbushwa misitu inayoteketea na watu wanaouawa. Kituo cha sanaa cha Pompidou cha Paris kilinunua kazi zake, barua hiyo ikiwemo. Mlalamikiwa amenunua barua ya malalamiko, na sijui kama tuite hilo hukumu au ununuzi tu.

Hapo ndipo hoja ya upande wa pili inapopata nguvu. Wiki zilezile ambazo wageni wa Bienale walikuwa wakiwapiga picha nyoka wa Ibirapuera, maelfu ya watu wa jamii asilia walikuwa Brasília, mji mkuu, wakifuatilia kesi ya kikomo cha muda. Mahakama iliikataa nadharia hiyo Septemba 2023, lakini kabla mwaka haujaisha Bunge liliirudisha kwa njia ya sheria. Hakuna picha iliyozuia kura hata moja ya wabunge hao. Pamoja na hayo, sioni haki kuidai sanaa kazi ambayo hata hukumu ya mahakama ya juu kabisa haikuweza kuikamilisha.

Ukosoaji mwingine ni mzito zaidi kwangu, nao unahusu kofia tatu kichwani mwa mtu mmoja. Katika mwaka huohuo Esbell alikuwa na maonyesho yake binafsi katika nyumba ya biashara ya sanaa ya Millan, alikuwa mshiriki wa Bienale, na alikuwa msimamizi wa maonyesho ya jirani. Kwa kawaida ya taaluma, msimamizi anayechagua kazi za wengine huku bei ya kazi zake ikipanda huulizwa maswali. Inaweza kujibiwa kwamba kawaida hiyo ilitungwa na watu wenye nafasi nyingi za kugawana, na kwamba aliyepewa mlango mmoja huingia na mzigo wake wote. Jibu hilo nalikubali nusu. Nusu nyingine ni kwamba taasisi zilipenda kuwa na sura moja ya kualika, kuhoji na kupiga picha, kwa kuwa hilo ni rahisi kuliko kubadilisha namna zinavyoendeshwa. Kifo chake nisingependa kukifanya hoja ya upande wowote; lakini uzito wa kuwa msemaji wa mamia ya jamii ulikuwapo, na mwenye macho aliuona.

Dhidi ya sura hiyo moja kuna Moquém_Surarî, yale maonyesho aliyoyasimamia. Moquém, ambayo kwa Kimacuxi ni surarî, ni uchaga wa miti wa kubanikia nyama na samaki kwa moshi ili chakula kiweze kubebwa safari ndefu. Juu ya uchaga huo Esbell hakujiweka peke yake. Aliwaweka wazee na vijana, Wayanomami, Wahuni Kuin, Wabaniwa na wengine, akiwemo Bernaldina José Pedro, bingwa wa nyimbo za Wamacuxi, ambaye Uviko ulikuwa umemchukua mwaka 2020.

Kwamba kuingia peke yake hakutoshi kulionekana Mei 2022 katika jumba la makumbusho ya sanaa la MASP, pia la São Paulo. Sandra Benites, Mguarani aliyekuwa mtu wa kwanza wa jamii asilia kuwa msimamizi katika jumba hilo, alijiuzulu baada ya picha za harakati za wakulima wasio na ardhi kuzuiwa katika sehemu ya maonyesho aliyoiandaa pamoja na Clarissa Diniz. Baada ya kelele za umma jumba lilirudi nyuma na picha zikaonyeshwa, ila Benites hakuwa tena mwajiriwa.

Mwaka 2024 banda la Brazili katika Bienale ya Venice lilipewa jina jipya, Hãhãwpuá, ambalo Wapataxó huiitia nchi ya Brazili, nalo lilikuwa na kazi ya Glicéria Tupinambá pamoja na jamii yake. Wasimamizi walikuwa watatu, wote wa jamii asilia: Arissana Pataxó, Denilson Baniwa na Gustavo Caboco Wapichana. Huyo wa mwisho ni wa jamii jirani ya Wamacuxi huko Roraima, na miaka mitatu nyuma alikuwa miongoni mwa wasanii wa Bienale ya São Paulo pamoja na Esbell.