Gogo lililooza ni la nani? Kuni, kuvu na Hifadhi ya Udzungwa

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, nchini Tanzania, ilipoanzishwa mwaka 1992, akina mama wa vijiji vya upande wa mashariki, Mang'ula, Sanje na jirani zao, waliendelea kuruhusiwa kuingia msituni siku maalumu kuokota kuni. Sharti lilikuwa kwamba waokote zilizokufa tu, mti mbichi usiguswe. Mwaka 2011 ruhusa ikafutwa. Ubishi ulioanza hapo haujakwisha, na kila upande una hoja nzito. Kinachonisumbua ni kwamba katika maneno yote hayo, nani kamkosea nani, mara chache husikika habari za kiumbe ambaye kuni iliyokufa ndiyo nyumba yake na chakula chake, yaani kuvu, jamii ya uyoga na ukungu.

Tuanze na wanaounga mkono katazo. Udzungwa ina kilomita za mraba 1,990, na upande wake wa mashariki, Mwanihana, msitu unapanda bila kukatika, kuanzia mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,000. Hilo ni jambo adimu mno Afrika Mashariki. Sehemu nyingi za Milima ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya Kenya na Tanzania ambayo Udzungwa imo, msitu wa chini uligeuzwa mashamba zamani. Kilichosalia ni kofia za msitu vileleni. Na ukanda huohuo wa chini, ulio adimu kuliko yote, ndio mama mwenye mzigo kichwani anaoweza kuufikia na kurudi kabla ya jua kuzama. Hatari, basi, ilikuwa pale watu wengi walipokanyaga eneo lilelile dogo wiki baada ya wiki, wakipita juu ya miche inayochipua. Isitoshe, sharti la "kuni kavu" ni gumu kusimamia. Mti uliokatwa leo ukiachwa chini, baada ya muda ni kuni kavu kama nyingine, na askari wa hifadhi hana namna ya kujua.

Hoja ya kuvu hulipa katazo hilo uzito zaidi. Gogo lililoanguka linaonekana kama taka, lakini ndani yake kazi inaendelea. Ule ugumu wa ubao ni viumbe wachache sana wanaoweza kuuvunjavunja, na kuvu ndizo mabingwa wa kazi hiyo. Uyoga tunaouona ni tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizotambaa ndani ya mti na udongo. Nyuzi hizo huurudishia udongo kile mti ulichokula kwa miaka mingi, na katika misitu ya mvua, ambako rutuba kubwa imo ndani ya mimea yenyewe, kuondoa miti iliyokufa ni kuondoa mbolea. Kuna kuvu nyingine zinazoishi kwenye mizizi ya miti hai, zikiipa maji na madini na kulipwa sukari. Duniani kuvu zilizopewa majina ya kisayansi ni kama aina 150,000, ilhali makadirio ya wataalamu ni kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8. Kwa hiyo tunapohesabu mbega wekundu na maua ya Udzungwa, na tuna haki ya kujivunia, tunahesabu ghorofa ya juu tu.

Sasa upande wa pili, ambao sikubali upitwe kwa haraka. Mama aokotaye kuni hachukui gogo. Hana msumeno wala gari. Huchukua matawi yanayobebeka kichwani. Magogo makubwa, yanayooza kwa miongo na kulisha aina nyingi za kuvu, hubaki palepale. Na njaa ya kuni haikufutwa pamoja na ruhusa. Nyumba iliyopika maharage juu ya mafiga kabla ya katazo ilipaswa kuyapika baada yake pia. Kuni zikatafutwa kwingine, na kwingine huko ni mabaki ya misitu bondeni isiyo na ulinzi wa hifadhi ya taifa. Msitu wa Magombera, uliostawi kwenye maji ya ardhini upande wa Bonde la Kilombero, ni mfano wa msitu wa thamani ulioumizwa kwa miaka mingi na ukataji wa nguzo na kuni kabla haujapata ulinzi wa maana. Ukifunga mlima bila kuandaa nishati, umehamishia shoka tambarare.

Na tambarare hiyo si ya kuhatarishwa. Ardhi oevu ya Bonde la Kilombero iliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, ikiwa na takribani kilomita za mraba 7,967, na mito inayoilisha hushuka, pamoja na kwingine, kutoka Udzungwa. Maji yake huenda Rufiji, kwenye bwawa la Julius Nyerere.

Kwa mizani yangu, kuufunga ukanda wa chini kulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kulichukulia jambo la nishati kama jambo la ulinzi. Majiko banifu, pumba za mpunga na miti ya kuni iliyopandwa mashambani vilihitaji kutangulia kwa miaka kadhaa, vienee kweli, ndipo lango lifungwe. Serikali imeonyesha tangu hapo kwamba inaelewa: mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania. Lau vijiji vinavyopakana na hifadhi vingewekwa mwanzo wa foleni! Mtungi wa gesi Sanje unalinda msitu moja kwa moja kuliko ule wa Masaki, mtaa wa wenye nazo Dar es Salaam.

Lipo pia jambo ambalo gesi haiwezi kulirudisha. Aliyeingia msituni kila wiki alijua uyoga upi unaota kwenye gogo lipi, upi huliwa na upi huua, mti gani mizizi yake ni dawa. Mabinti walijifunza hayo wakitembea nyuma ya mama zao. Hifadhi ingeweza hata sasa kuwaita wazee hao waingie na wataalamu wa mimea na kuvu, waonyeshe na kutaja majina, wakiwa hawana mzigo wa kubeba. Mtoto aliyezaliwa Mang'ula mwaka wa katazo ameshafikia umri wa kubeba kuni, na ule msitu anaamka akiutazama kila asubuhi kutoka uani.