Tusifute nukta tukidhani ni doa

Vitabu vya injini za boti vilivyobaki kwenye karakana za Mwanza, kuanzia Mwaloni Kirumba hadi Igombe, vinafanana: jalada limeshakwenda, kurasa zimeshikana kwa grisi. Vijana wameanza kuviskani na kurushiana kwa WhatsApp, na hilo halina mpinzani. Ubishi uko kwenye kusafisha: ukurasa uoshwe hadi uwe mweupe pe, au ubaki na madoa yake?

Wanaotaka weupe wana hoja. Ukurasa wa rangi wenye MB kadhaa hushuka hadi makumi ya KB ukigeuzwa kuwa mweusi na mweupe, na fundi wa Nansio anayeishi kwa bando la siku hawezi kupakua MB 300 ili tu aone kabureta inavyofunguliwa. Akienda steshenari kuchapa, kivuli cha kijivu kinakula wino na kuficha maandishi. Hapo sibishi. Programu ya bure kama ScanTailor inanyoosha kurasa zilizopinda na kukata kingo, na nani atalalamika?

Ila wanaokataa kusugua kupita kiasi wanaitwa wavivu, na hapo wanaonewa.

Chukua nukta ya desimali. Ukiskani kwa dpi 300, inchi moja, yaani mm 25.4, inagawanywa vipande 300. Nukta yenye upana wa mm 0.3 inapata vipande vitatu au vinne tu. Tone la mafuta lililokauka linaweza kuwa na ukubwa huohuo, na programu ya kuondoa madoadoa haijui lipi ni lipi, inafuta yote. Boliti ya mm 8 iliyotakiwa ikazwe kwa kgf·m 1.8 (kipimo cha nguvu ya kukaza) sasa inasomeka 18, mara kumi. Fundi mkongwe atacheka, mkono wake unajua. Kijana aliyejifunzia kwenye simu, na spana ya kipimo ya kuazima, atakaza mpaka boliti ikatikie ndani ya bloku ya aluminiamu. Kuing'oa humo ni balaa lingine, na mwenye boti anasubiri kwenda ziwani.

Tena nukta iliyofutika inaweza kushtukiwa. Kuna baya zaidi. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel aligundua kuwa mashine za kuskani na kunakili za Xerox zilikuwa zinabadilisha tarakimu zenyewe: kwenye ramani ya nyumba, vyumba vya mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42 vyote vilitoka vimeandikwa 14.13. Chanzo kilikuwa ubanaji wa JBIG2, ambao ukiona vipande viwili vya picha vinafanana huweka kimoja mahali pa kingine ili faili liwe dogo. Tarakimu hazikuwa na ukungu wala mkwaruzo. Ukurasa mchafu humfanya msomaji asite na kuuliza. Ukurasa safi kama huu wa Xerox hakuna ambaye angeuhoji.

Halafu kuna kalamu ya risasi. Pembeni mwa mchoro wa umeme utakuta fundi wa zamani ameandika: "usinunue koili, safisha kwanza waya wa arthi." Mtengenezaji hakuliandika hilo. Kwa programu, ni uchafu hafifu, linaondoka pamoja na rangi za nyaya, na mchoro wa nyaya usio na rangi sijui unamsaidia nani.

Hakimiliki, chini ya sheria yetu ya 1999, ni swali halali hata kama kitabu hakichapwi tena, lakini linawabana wote sawasawa, msafishaji na asiyesafisha.

Kurasa za vipimo na za nyaya ni chache katika kitabu kizima. Hizo ziskaniwe kwa dpi 600, kwa rangi, ziachwe na grisi yake. Maelezo mengine yaoshwe wapendavyo, bando litatosha. Kisha mtu anayejua injini asome kila tarakimu akiilinganisha na karatasi yenyewe. Kwa hiyo karatasi isichomwe mara tu PDF ikishatumwa, kama inavyofanyika sasa.